Mzegamzega wa Kwaki: Kukokotoa Kizidishi cha Umbo cha Mesoni kwa Kiswahili

Hoja ya kwamba Kiswahili hakimudu sayansi ya juu aghalabu hujengwa juu ya majina. Huulizwa kwaki itaitwaje, gluoni itaitwaje, na muulizaji huridhika kwamba swali lake limekwisha kujijibu. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa majina ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika lugha ya sayansi. Murray Gell-Mann alipotangaza wazo la kwaki mwaka 1964, tahajia ya jina hilo aliitoa katika riwaya ya James Joyce, na hakuna Mwingereza aliyekuwa akijua maana yake kabla ya hapo. George Zweig, aliyefikia wazo lilelile mwaka uleule, aliziita chembe hizo kwa jina la karata ya ree. Neno moja lilishinda, jingine likasahaulika, na fizikia haikupungukiwa na kitu. Kiswahili nacho kikisema kwaki, gluoni, mesoni na pioni, kinafanya kile ambacho lugha zote zimefanya.

Ugumu uko mahali pengine. Uko katika vitenzi na mahusiano: nini kinakizidisha nini, nini kinatenganishwa na nini, kitu gani ni kidogo kiasi cha kuachwa nje ya hesabu. Ili kulipima jambo hili ipasavyo, makala haya yanachukua mfano mgumu kwa makusudi, yaani ukokotoaji wa kile ambacho wanafizikia wanakiita kigezo, kipengele au kigawo cha umbo cha mesoni, kwa kutumia nadharia ya kani kuu inayozifunga kwaki. Maelezo yanatafutwa katika hazina isiyotarajiwa, ambayo ni msamiati wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na kuendelea hadi Ujiji.

Tabora na lugha ya mizigo

Tabora haikuwa kituo cha kupumzikia tu. Richard Burton na John Speke walipofika hapo Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamekwisha kujenga matembe yao, na njia ikigawanyika: moja kuelekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Kiswahili kilichosemwa hapo kilikuwa lugha ya watu wanaohesabu. Bidhaa zilipimwa kwa shuka, doti na jora. Pembe kwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16. Na mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao Tabora, imejaa hesabu za namna hiyo.

Inafaa kusemwa wazi kwamba njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na si kila bega lililobeba pembe lilikuwa bega la hiari. Hata hivyo, kazi ya upagazi ilijengwa kwa kiasi kikubwa na Wanyamwezi waliolipwa ujira, waliokuwa na utaratibu wao, kirangozi wao, na fahari yao katika kazi. Maneno yanayochukuliwa hapa ni ya kazi hiyo.

Maneno mengine ya njia yamebadilika sana. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi au nguo ya kununulia chakula hicho. Leo huweza kuwa malipo ya kukaa kikaoni. Hongo lilikuwa ushuru uliotozwa hadharani na mtawala ambaye msafara umepita katika nchi yake; leo ni jambo la kufichwa. Mabadiliko haya yana somo lake kwa watungaji wa istilahi, nalo litajitokeza huko mbele.

Kitu kinachopimwa

Mesoni ni chembe iliyoundwa na kwaki moja na kinyume-kwaki kimoja. Pioni, iliyo nyepesi kuliko mesoni nyingine zote, ilibashiriwa na Hideki Yukawa mwaka 1935, ikaonekana mwaka 1947 katika kazi ya kundi la Cecil Powell huko Bristol, kwa njia ya filamu zilizopigwa na miali itokayo angani. Pioni yenye chaji huishi kwa wastani wa nanosekunde 26, kisha huvunjika.

Sasa elektroni ipigwe dhidi ya pioni. Kama pioni ingekuwa nukta tupu, isiyo na upana wala kitu ndani yake, uwezekano wa elektroni kudunda kwa pembe fulani ungekokotolewa kwa kanuni za sumaku-umeme peke yake. Lakini pioni si nukta. Ina nusu-kipenyo cha takriban femtomita 0.66, na chaji yake imetawanyika. Kwa hiyo jibu la nukta tupu huzidishwa kwa kipeo cha pili cha namba nyingine, ambayo mapokeo ya kitabu huiandika F. Pigo likiwa hafifu kabisa, elektroni huiona pioni nzima kwa mbali na F huwa 1. Pigo likizidi, F hupungua. Ukali wa pigo hupimwa kwa Q², yaani kipeo cha pili cha momenta iliyohamishwa kutoka kwa elektroni kwenda kwa pioni.

Hapa ndipo istilahi inapoanza kuwa na uzito. Neno la Kiingereza lina sehemu mbili, moja ya umbo na nyingine ambayo wanafunzi wa shule za msingi huijua kama kigawo, ile ya kigawo kikubwa cha shirika. Tafsiri ya neno kwa neno ni kigawo cha umbo. Wengine wamependelea kipengele cha umbo, kwa sababu neno hilohilo la Kiingereza, likitumiwa katika sayansi ya jamii, hutafsiriwa kuwa kipengele. Yote mawili yanapotosha. Kigawo ni namba inayogawanya namba nyingine bila baki, na F haigawanyi chochote. Kipengele ni sehemu ya kitu, na F si sehemu ya pioni. Kazi yake ni moja tu: inazidisha. Kizidishi cha umbo ndilo jina linalosema ukweli, na halihitaji maelezo zaidi kwa mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kuzidisha. Kiswahili cha hisabati kimewahi kufanya uteuzi mzuri wa aina hii. Jozi ya kipeo na kipeuo hutofautisha kwa irabu moja tu operesheni mbili zinazotanguana, kitu ambacho Kiingereza hakina.

Hata neno umbo linahitaji tahadhari. Katika mapigo hafifu F hueleza mtawanyiko wa chaji, na ni halali kuzungumzia umbo. Katika mapigo makali haielezi tena umbo. Inaeleza jambo jingine kabisa: ni kwa kiasi gani pioni, baada ya kupigwa, inaweza kubaki pioni.

Wawili na mpiko mmoja

Pembe iliyozidi uzito wa bega moja ilifungwa katikati ya mpiko, yaani mti wa kubebea, na kuchukuliwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ubebaji huo Kiswahili kinauita mzegamzega. Hakuna neno bora zaidi la kumwelezea mwanafunzi pioni.

Wabebaji wawili ni kwaki na kinyume-kwaki. Mzigo ni momenta ya pioni nzima. Kama pembe imefungwa katikati kabisa, kila mmoja anabeba nusu. Ikisogezwa mbele hadi robo ya urefu wa mpiko, wa mbele anabeba robo tatu na wa nyuma robo moja. Sehemu ya mmoja ikiitwa x, ya mwenzake ni 1 kutoa x. Tofauti moja ni ya lazima: katika pioni kamba haikufungwa mahali pamoja. Kuna mgao mwingi kwa wakati mmoja, na kila mgao una uzito wake katika hesabu. Orodha ya uzito huo kwa kila x ndiyo inayoitwa hapa kanuni ya mgao. Uzito wenyewe si uwezekano, bali ni kipimo ambacho kikizidishwa kwa chenyewe hutoa uwezekano.

Elektroni inapopiga, humpiga mbebaji mmoja tu. Aliyepigwa anageuzwa ghafla kuelekea upande mwingine kwa kasi. Mwenzake hajui kitu, naye anaendelea na njia ya zamani. Hali ikibaki hivyo mzigo unaanguka, na kwa lugha ya chembe pioni inavunjika na kutokeza chembe nyingine nyingi. Ili mzigo usianguke, ni lazima mpiko umshtue wa pili naye ageuke upande uleule. Mshtuko huo ndio gluoni, chembe inayopeleka kani kutoka kwaki moja hadi nyingine. Pigo likiwa kali, mshtuko nao lazima uwe mkali, na mshtuko mkali ni nadra. Ndiyo maana F hupungua kwa kadiri ya 1 juu ya Q². Protoni ina kwaki tatu, hivyo inahitaji mishtuko miwili, na kizidishi chake hupungua kwa kadiri ya 1 juu ya kipeo cha pili cha Q². Kanuni hii ya kuhesabu wabebaji ilitolewa mwaka 1973 na Stanley Brodsky pamoja na Glennys Farrar, na mwaka huohuo na Matveev, Muradyan na Tavkhelidze.

Msomaji ataona kwamba mfano umefanya kazi zaidi ya kupamba. Umetoa sababu ya kupungua, na umebashiri tofauti ya mesoni na protoni. Hiyo ndiyo haki pekee ya mfano kuwamo katika maelezo ya sayansi.

Hongo na nyongeza ndogo

Jina la mbinu inayotumika katika hesabu hii ni mtego mwingine. Kamusi za lugha mbili hulitafsiri neno lake la Kiingereza kwa usumbufu au fadhaa, na mwanafunzi anayesoma kromodinamiki ya kwanta ya kiusumbufu ana haki ya kucheka. Mbinu yenyewe haihusu kusumbua. Ni kukadiria kwa hatua: jibu la kwanza, kisha nyongeza ndogo, kisha nyongeza ndogo zaidi.

Mwenye msafara aliyekuwa akipanga safari ya Unyanyembe aliijua. Kadirio lake la kwanza lilikuwa ujira na posho. Juu yake aliongeza hongo. Kama hongo lote ni sehemu ya kumi ya bidhaa, na wapagazi wa ziada wa kulibeba hongo hilo ni sehemu ya kumi ya sehemu hiyo, hesabu inatulia haraka: 1, halafu 0.1, halafu 0.01. Lakini katika nchi ambayo hongo linakaribia bidhaa zenyewe, kama wasafiri walivyokuwa wakiilalamikia Ugogo, kila nyongeza inazaa nyongeza kubwa kama iliyotangulia, na kukadiria hakuna maana.

Katika kani inayozifunga kwaki, namba inayochukua nafasi ya hongo huandikwa α. Ile ya sumaku-umeme ni takriban 1 juu ya 137, ndogo sana. Ya kwaki si namba moja, inabadilika kulingana na ukali wa pigo. Katika pigo la gigaelektroni-volti 91 ni takriban 0.118. Katika gigaelektroni-volti 2 ni karibu 0.3. Chini ya 1 inakua kiasi kwamba makadirio ya hatua hayasimami tena. Kwamba kani hii hupungua kadiri chembe zinavyokaribiana iligunduliwa mwaka 1973 na David Gross, Frank Wilczek na David Politzer, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Kwa Kiswahili uhuru wa ukaribu ni jina linalotosha.

Je, neno hongo lichukuliwe kuwa istilahi ya α? La. Neno hilo limekwisha kuhama mara moja, kutoka ushuru hadi rushwa, na maana yake ya sasa itaitafuna ile ya kisayansi kila litakapotamkwa darasani. Mfano na istilahi ni vitu viwili. Mfano unaweza kuwa na historia na ladha. Istilahi hupata faida ikiwa haina vyote viwili, au ikiwa historia yake imesahaulika vya kutosha, kama ilivyotokea kwa kani, neno la kale lililokuja kusimama rasmi kwa dhana ambayo watu wa kawaida huichanganya na nguvu.

Hesabu yenyewe

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Brodsky na Peter Lepage nchini Marekani, na Anatoly Efremov na Anatoly Radyushkin huko Dubna, walionyesha kwamba hesabu ya F inaweza kutenganishwa. Sehemu moja ni ya polepole: jinsi wawili walivyogawana mzigo kabla ya pigo, na jinsi watakavyogawana baada yake. Sehemu ya pili ni ya ghafla: pigo na mshtuko. Sehemu ya polepole haikadiriki kwa hatua, lakini ni ileile kwa kila jaribio. Sehemu ya ghafla ndiyo inayokokotolewa kwa α ndogo. Jibu ni zao la mgao wa kabla, mshtuko na mgao wa baada, likijumlishwa kwa kila x inayowezekana. Utenganishaji ni neno sahihi hapa, na tena si ugawaji, ingawa mzizi wa Kiingereza ni uleule wa kigawo.

Pigo linapokuwa kali mno, nadharia inasema kanuni ya mgao huelekea kwenye umbo moja: 6 mara x mara (1 kutoa x). Ni sifuri kwenye ncha zote mbili, na juu kabisa katikati. Mshtuko hutegemea mgao, kwa kuwa gluoni hubeba sehemu tu ya pigo. Kwa hiyo kila uzito hugawanywa kwa x kabla ya kujumlishwa. Jumla hiyo kwa kanuni hii ni 3 kamili, na inaingia mara mbili, kabla na baada. Matokeo yake ni maarufu: Q² mara F ni sawa na 16 mara pai mara α mara kipeo cha pili cha f. Herufi f ni namba inayopatikana kutokana na pioni inapovunjika kuwa muoni na nyutrino, nayo ni takriban gigaelektroni-volti 0.093.

Mwanafunzi anaweza kumalizia mwenyewe. Achukue α kuwa 0.3. Kipeo cha pili cha 0.093 ni 0.00865. Akizidisha 16 kwa 3.14, kwa 0.3, kwa 0.00865, atapata takriban 0.13, kwa vipimo vya kipeo cha pili cha gigaelektroni-volti.

Vipimo navyo? Pioni haikai nanosekunde za kutosha ili iwekwe mezani ipigwe. Kwa mapigo hafifu, miali ya pioni ilirushwa dhidi ya elektroni zilizomo katika atomu, kama ilivyofanyika CERN miaka ya 1980. Kwa mapigo makali zaidi, maabara ya Jefferson huko Virginia hutumia pioni za muda mfupi zinazoizunguka protoni. Matokeo yake yaliyochapishwa miaka ya 2000, kwa Q² ya 2.45, yanaipa Q² mara F thamani ya takriban 0.4.

Tofauti ni mara tatu. Si kosa la kuzidisha.

Maelezo ya kwanza ni kwamba mgao halisi katika mapigo ya kiasi hiki ni mpana kuliko ule wa mwisho. Ikichukuliwa kanuni nyingine, iliyopendekezwa katika tafiti za karne hii, yaani 8 juu ya pai mara kipeuo cha pili cha x mara (1 kutoa x), jumla ya uzito uliogawanywa kwa x haiwi 3, inakuwa 4. Kwa kuwa inaingia mara mbili, jibu hukua kwa 16 juu ya 9, na 0.13 inakuwa 0.23. Pengo limepungua, halijafungwa.

Maelezo ya pili yalitolewa kwa ukali na Nathan Isgur na Chris Llewellyn Smith mwaka 1984, na mzegamzega unayabeba vizuri kuliko fomula. Iwapo kamba imesogea hadi karibu na bega la mbele, wa mbele anabeba karibu mzigo wote. Akipigwa yeye na kugeuka, mzigo unageuka naye. Wa nyuma hana kitu begani; hahitaji kushtuliwa kwa nguvu, atafuata tu. Hakuna gluoni kali, hakuna α ndogo, na hesabu ya hatua haiugusi mchango huu kabisa. Katika mapigo makali mno mchango huo hufifia upesi kuliko ule wa mshtuko. Ubishi ni ukali gani unatosha, na kwa vipimo vya sasa wengi wanakubali kwamba bado hautoshi. Mtambo wa kugonganisha elektroni na viini unaopangwa huko Brookhaven unatarajiwa kupima Q² kubwa zaidi.

Darasani Tabora

Mji huu una shule ya sekondari iliyoanzishwa miaka ya 1920, ambamo Julius Nyerere alisoma, na kabla ya kuingia katika siasa alirudi Tabora kufundisha St. Mary's, biolojia ikiwa miongoni mwa masomo yake. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo, na fizikia ya sekondari bado hufundishwa kwa Kiingereza. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Orodha, basi, ipo. Kilichokuwa haba ni maandishi marefu yanayozitumia istilahi hizo katika hoja inayosonga kutoka hatua hadi hatua, kwa sababu ni humo tu kipengele cha umbo kinapodhihirika kuwa kosa. Kamusi haiwezi kulidhihirisha, kwani ndani ya kamusi kila neno limesimama peke yake.

Limebaki jina la ule mchango wa mbebaji asiye na mzigo. Kiingereza huuita kwa neno lenye maana ya ulaini, na mchango laini umekwisha kusikika katika mazungumzo ya wanafunzi. Ulaini hausemi lolote kuhusu kamba iliyosogea mbele. Mchango wa mbebaji mmoja ungekuwa karibu zaidi na tukio lenyewe, ingawa mwanafizikia atapinga, kwa haki, kwamba wa nyuma hajaondoka: bado ameshika mpiko.